Mbu Waliokunywa Kwetu Wawili

Shemeji yangu alirudi Gitothua akiwa na malaria, baada ya kumzika babake kwao magharibi. Alipewa dawa, homa ikashuka, lakini neti ilimzidishia joto. Akamwachia mkewe, dada yangu, kitanda, akaja kulala kwenye godoro sebuleni, karibu na kochi nililokuwa nikilalia. Dada alikuwa na mimba ya miezi sita. Mimi nilikuwa nimeng'olewa jino na nilikuwa nikimeza antibiotiki.

Asubuhi moja nilimponda mbu ukutani. Alikuwa ameshiba. Doa lake lilikuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe.

"Hiyo ni damu yangu ama yako?" shemeji aliuliza akicheka. "Basi tushakuwa ndugu, shem."

Sikucheka. Chuoni tulifundishwa kwamba tumboni mwa mbu wa malaria huishi bakteria, na baadhi yao huzuia vimelea vya ugonjwa kukomaa. Mbu akinywa damu yenye antibiotiki, bakteria hao wanaweza kufa, na vimelea vikapata njia. Akilini nikamwona mbu akianzia kwangu, nimsafishe tumbo, kisha aende kwa shemeji kuchukua vimelea ambavyo dawa haijamaliza. Baada ya wiki mbili hivi angekuwa tayari kumuuma dada akipika jioni, nje ya neti.

Nilimwomba shemeji arudi ndani ya neti.

"Kwa hivyo mimi ndio ugonjwa?" Hakuwa akicheka tena.

"Si wewe peke yako. Hata mimi na hizi tembe zangu."

"Umepona jino sasa unaugua kichwa," dada alisema kutoka jikoni. "Wachana na mume wangu. Ametoka kuzika, wewe unamletea hadithi za matumbo ya mbu!"

Usiku huo shemeji aliingia ndani ya neti bila kuniaga. Kesho yake nilikung'uta mapazia, nikasogeza kochi, nikapiga kila kilichoruka. Lakini wale waliokuwa wameshakunywa sikuweza kuwatambua. Walikuwa mahali fulani humo ndani, wametulia, na kitu kikikua ndani yao, au kisikue.

Wiki ya nne nilianza kumgusa dada kwenye paji la uso.

"Toa mkono! Niko sawa."

Ikabidi niwe nampokea kikombe akimaliza chai, ili vidole vyetu vigusane. Jioni moja vidole vyake vilikuwa na joto, na chai ilikuwa imepoa kitambo. Nikamwambia twende akapimwe.

Safari hiyo hakubishana. Alizima gesi, akatafuta viatu.