Kitambaa Hiki Kitafuliwa Wapi

Nilileta kitambaa kile kwetu Annexe, mtaa wa pembezoni mwa jiji, nikiwa na hakika, jambo ambalo kwangu ni nadra. Ilikuwa pamba ya kawaida, tuliyoiloweka kwenye dawa katika maabara ya chuo mpaka nyuzi zake zikaweza kunasa urani, madini ya mionzi, iliyoyeyuka majini. Tulikuwa tumepima maji ya kisima chetu na kuikuta humo. Mama aliyanywa kila siku.

Alicheka. Tangu sijazaliwa, yeye huchuja maji kwa kipande cha kitenge kikuukuu.

"Myaka yote ile ku inivesite, na uko unaniletea tu kitambaa?"

Nilimweleza kwamba kitenge chake hushika matope tu. Urani hupenya kama chumvi. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akikigeuzageuza kitambaa changu.

"Iko muzuri. Sasa ikijaa ile sumu, nitaifulia wapi?"

Maabarani tulikisafisha kwa asidi, na asidi ile tukaimimina kwenye bidoni, dumu la plastiki, ambalo bado lilikuwa konani mwa maabara. Mimi, ninayehoji kila kitu, sikuwahi kuuliza bidoni lile litapelekwa wapi. Mama naye hufulia kitenge chake kando ya kisima, na maji humwagikia kwenye mboga za lengalenga tunazokula.

Nilikirudisha kitambaa mfukoni, nikachukua bidoni mbili tupu kwenda kuchota kwenye bomba la parokia, ambalo maji yake tuliyapima tukayakuta safi.

"Utachota mpaka siku gani?" Mama aliuliza kutoka mlangoni.

Nilimwambia sijui.