Jina la Aling Sorcing kwenye Orodha

Jumatatu, tarehe 9 Desemba 2019. Upepo wa baridi kutoka kaskazini, mawingu membamba, mvua haikunyesha.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kurekebisha orodha ya wakulima wa kijiji chetu. Tangu serikali ilipoufungulia mlango mchele wa nje mwezi Machi, bei ya mpunga ilikuwa imeshuka kutoka peso ishirini kwa kilo hadi kumi na mbili. Ili wenye mashamba madogo wavuke kipindi hicho, serikali iliwapa peso elfu tano kila mmoja na mbegu za bure. Aling Sorcing Manalastas (kwetu Aling ni kama Bi, na Mang ni kama Bwana), mwenye hekta moja na robo kando ya mfereji, hakuwamo kwenye orodha. Bila msaada huo asingeweza kulima msimu wa kiangazi, na shemeji yake alikwisha kumtafutia mtu wa kulichukua shamba kwa rehani.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Waandikishaji walipopita miaka miwili nyuma, walimkuta akianika mpunga barabarani. Walimuuliza kazi yake, naye akajibu kama wanawake wote wa huku wanavyojibu: "Mkulima ni mume wangu. Mimi namsaidia tu." Mume huyo alikuwa mwaka wa nne kwenye meli za mizigo. Likaandikwa jina la mume, na fedha haitolewi ila kwa mwenye jina, aje yeye mwenyewe.

Aling Sorcing aliingia kwenye ukumbi wa kijiji, orodha ilikorekebishwa, akiwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Bwana shamba, kijana aliyetumwa kutoka mjini, alimwambia kwamba jirani wa kupakana naye akithibitisha kwa saini kwamba yeye ndiye anayelima, jina litabadilishwa. Jirani mwenyewe, Mang Tibo, alikuwa papo hapo na kikombe cha kahawa.

"Mimi nasaini nilichokiona," Mang Tibo alisema. "Huyu sijamwona nyuma ya nyati wa kulimia hata siku moja."

"Nyati gani, Mang Tibo? Wako si ulimuuza ukanunua pikipiki?" Aling Sorcing akauliza.

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

"Haya, pawatila, trekta la mkono. Umewahi kuiendesha?"

"Naikodi, kama wewe."

"Kukodi hata mwalimu anaweza."

Aling Sorcing akamwacha, akamgeukia bwana shamba. "Mwanangu, hebu muulize mwaka jana konokono walipomaliza miche yake, alifanya nini."

Bwana shamba akaweka kalamu chini. "Ulifanya nini, Mang Tibo?"

"Nilipandikiza upya. Siku ya tatu nikaondoa maji jarubani, nikachimba vijifereji pembeni na kutia majani ya mpapai. Konokono wakajazana humo, tukawaokota kwa ndoo."

"Nani alikufundisha?"

Mang Tibo akakoroga kahawa iliyokwisha korogwa. "Mke wangu alisikia kwa huyu."

"Alisikia mkeo," Aling Sorcing akasema, "au ulikuja kwangu alfajiri, kofia mkononi?"

"Kofia nilivua kwa sababu ya joto."

"Mwezi wa kwanza, kwenye baridi? Alfajiri?"

Safari hii hata bwana shamba alicheka. Kisha akauliza, "Na majaruba yake yeye yaliliwa?"

Mang Tibo akaweka kikombe chini. "Hayakuliwa. Mstari wote ule wa mfereji, shamba lake peke yake ndilo halikurudiwa kupandwa." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo kalamu. Nikichelewa, atataja na habari za mbolea."

Alisaini. Bwana shamba akavuta fomu mpya.

"Kazi yako, mama?"

"Mkulima." Alilitamka kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka tisa."

Bwana shamba aliandika hivyo hivyo, akampa na barua ya kuchukulia mbegu. Nje shemeji yake alikuwa akimsubiri pamoja na yule mtu wa rehani. Aling Sorcing aliwasalimu wote wawili kwa heshima, akamwambia yule mgeni atafute shamba kwingine, maana hili lina mkulima.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mjini kabla ofisi haijafunguliwa. Alirudi na mifuko miwili ya mbegu, akapita kwa mwenye pawatila kupanga naye siku, na kabla ya saa nne mbegu zote zilikuwa zimelowekwa mferejini.