Karavani la bosi lilikwama njia ya Qantab siku ya safari yangu, na familia nzima haijui kuonesha shida

Wakuu, salaam. Wa bara, wa visiwani, na nyie mliojificha huku Ghuba mnasoma kimyakimya bila ku-comment, wote nawasalimu.

Najua wapo watakaosema hii ni chai. Sawa, leteni na vitafunwa. Mimi nilikuwepo, na ninachoandika ndicho kilichotokea.

Mimi ni mama wa Morogoro. Miaka miwili sasa nafanya kazi za nyumbani Muscat, mtaa wa Al Khuwair. Familia ninayokaa nayo ni Waomani wenye asili ya Unguja. Nyumbani kwao ni Kiswahili kitamu tangu asubuhi, Kiarabu kinaingia wakianza kubishana.

Bosi wangu ni Bwana Said, mtu wa wizarani, mpole kupita kiasi. Ana mke, Bi Thuraya, na watoto watatu. Halafu yupo mama yake, Bi Rahma. Huyo ndiye serikali ya nyumba.

Sasa, Bwana Said alipatwa na ugonjwa wa karavani. Wataalamu mtasema ni motorhome, sisi nyumbani tunaliita karavani. Ni gari refu lenye vitanda, jiko, friji na choo humo humo.

Siku ya kwanza kuliona nilijiuliza swali moja tu: nani atalideki? Jibu mnalijua.

Pamoja na gari akachukua kifurushi cha roadside assistance, cha magari ya aina hiyo hasa. Ukikwama popote unapiga simu, wanakuja kukuvuta au kukubeba. Lile gari ambalo kwetu tunaliita breakdown, huku wanaliita recovery.

Akapewa kadi yenye namba ya simu, na kijitabu cha maelekezo. Akakitupa juu ya friji.

Katika nyumba nzima aliyekisoma mwanzo hadi mwisho ni mimi, nikisubiri mikate iive. Kiingereza changu cha form four kilinitosha. Kumbukeni hilo.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Binti yangu Neema alikuwa na send-off Jumamosi, Morogoro. Ndege yangu ilikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kwenye sanduku kubwa nilikuwa na gauni lake la send-off, nililolitafuta madukani miezi mitatu. Hakuwa na gauni jingine. Alisema, "Mama, nakusubiri wewe na gauni."

Miaka miwili sijamgusa mwanangu. Mahafali yake ya chuo niliyaona kwenye simu, picha inaganda kila akipunga mkono. Nilijiapiza hili silikosi, hata nipande punda.

Bi Rahma akatoa amri wiki nzima kabla.

"Mwanangu haondoki hapa kama kifurushi cha posta. Ijumaa asubuhi twende zetu Qantab, ufukweni, tule, tupunge upepo, halafu sote tukamsindikize uwanjani."

Jamani, kusindikiza kwa watu hawa si mchezo. Kwetu unamfikisha mgeni njia panda, unageuka. Hawa wangeweza wangepanda na ndege.

Ijumaa tukaondoka. Masanduku yangu niliyapanga kwa mikono yangu mwenyewe kwenye buti la ubavuni, upande wa kulia. Nilijiona nina akili sana.

Tukapita Wadi Kabir, tukaanza kupanda milima ya kwenda Qantab. Saa nne hivi, katikati ya mlima, gari likachemsha. Moshi mbele, harufu ya mpira kuungua, watoto wanashangilia wakidhani ni sehemu ya matembezi. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika.

Bwana Said, kwa kuogopa kuziba barabara, akalisogeza pembeni. Akalisogeza tena. Akalisogeza mpaka ubavu wa kulia ukakaribia kulibusu jabali. Nafasi iliyobaki paka angepita kwa kujibana.

Ubavu wa kulia, wakuu. Wenye buti. Lenye masanduku. Lenye gauni.

Nikaweka mkono kichwani. Bi Rahma akanitazama.

"Una nini, mwanangu? Wakati upo. Msaada si umo kwenye kadi?"

Kweli, Bwana Said akapiga ile namba ya kadi, akaweka sauti kubwa. Kiarabu changu ni cha jikoni na sokoni, lakini niliyasikia yote.

Kwanza dada wa simu akamsalimia. Mnawajua hawa kwa salamu: habari zako, za nyumbani, za afya, kila kheri, alhamdulillah. Dakika mbili zikapita. Halafu dada akauliza, "Mna shida gani?"

Bwana Said akajibu, "Shida hatuna, alhamdulillah. Gari tu limepumzika kidogo."

"Kuna mtu yuko hatarini?"

"Hasha. Sote wazima."

"Mna maji? Mna kivuli?"

"Vyote vipo, karibu."

"Mna haraka?"

"La, la. Mkijaaliwa tu."

Nilitaka kumeza simu. Ukurasa wa kumi na moja wa kile kijitabu unasema wazi: wapigaji wanapangwa kwa uzito wa shida. Wa kwanza walio hatarini, halafu wenye wazee na watoto, halafu wenye dharura ya safari. Aliyesema hana shida wala haraka atawekwa wapi? Nyuma ya wote.

Nikamwambia, "Bwana Said, ungewaambia nina ndege."

Akashangaa kabisa. "Vipi nianze kulalamika mbele ya mtu nisiyemjua?"

Hapo ndipo nilipowaelewa, baada ya miaka miwili. Kwa hawa watu, kumwambia mgeni kwamba mambo yako mabaya ni kumkosea adabu. Shida unaikalia juu, unatandika mkeka, unasema kheri.

Na mkeka ukatandikwa kweli. Bi Rahma akataka turubai lifunguliwe lile la ubavuni, upande wa barabara, tupate kivuli. Mkaa ukawashwa. Birika la kahawa likatoka, halwa ikatoka, tende, samaki wa kuchoma. Watoto wakaanza kurusha mpira.

Magari yakawa yanasimama. Huku watu ni wema, lazima niseme. Mtu anashusha kioo, anauliza, "Mmeharibikiwa?" Bi Rahma anajibu kabla mwanawe hajafungua mdomo: "La, mwanangu, tunapunga upepo. Karibu kahawa!"

Nilihesabu magari manne yaliyofukuzwa kwa ukarimu.

La tano lilikuwa recovery yenyewe! Ikapanda mlima polepole, dereva anaangaza huku na huku, akatutazama, watoto wakampungia mikono, naye akapunga. Akapita. Baada ya robo saa akarudi kutoka upande wa Qantab, akatutazama tena, akapita. Mimi nilikuwa ndani naosha sahani, mengine watoto ndio walionisimulia; niliona mgongo wa gari tu likiondoka. Nilikimbia mita hamsini nikiwa na sahani mkononi. Kiuno kinanikumbusha mpaka leo.

Dakika chache ujumbe ukaingia kwenye simu ya bosi: dereva amefika eneo, hakuona gari lililokwama, ombi limefungwa, tunawatakia Ijumaa njema.

Bwana Said akasema, "Watu waungwana sana."

Saa sita akapata lifti kwenda kusali Ijumaa. Nikajua sasa huko msikitini atapata mtu wa kutuvuta. Alirudi na watu wawili. Nikafurahi! Kumbe amewaalika chakula. Wakala, wakashukuru, wakaomba dua nzuri ya safari yangu, wakaondoka na gari lao zima lenye nguvu zote.

Nikasema basi, naita teksi. Bi Rahma akauliza swali moja, "Na masanduku?" Nikairudisha simu mfukoni. Ningefika Morogoro mikono mitupu, Neema aingie ukumbini na dera.

Ilipofika saa nane uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia Bwana Said, kwa heshima zote, anipe simu na kadi. Akanipa, masikini, hakuwa na uso wa kunikatalia.

Dada yule yule akapokea. Akaanza habari za nyumbani. Nikamkatisha, "Nyumbani kubaya! Hapa kubaya! Kila kitu kibaya!"

Wakuu, nitasema ukweli, mwanzo nilikuwa naigiza. Nilipanga nilie kidogo ili nipandishwe daraja, kama ukurasa wa kumi na moja unavyotaka. Nikamwambia yupo bibi mzee juani, wapo watoto watatu, na ndege inaondoka saa kumi na moja.

Halafu nikasema, "Mwanangu ananisubiri." Basi. Kilio cha kweli kikatoka, cha miaka miwili, kwa Kiarabu kibovu, Kiswahili na Kiluguru. Sikuweza kukizuia. Nilikuwa nimemkosa sana mtoto wangu na sikuwahi kumwambia mtu yeyote katika ile nyumba.

Nikainua macho. Bi Rahma ameshika birika hewani, hamimini.

Recovery ilifika baada ya dakika ishirini. Dereva yule yule, Mpakistani mmoja anaitwa Gul, ndevu mpaka kifuani. Akashuka, akaliangalia karavani juu mpaka chini, akatikisa kichwa. "Hadha bayt, mafi sayyara." Yaani hii ni nyumba, si gari. Gari lake ni la kubeba saluni, yaani magari madogo, halina uwezo wa kulipandisha lile dude. Litaitwa kubwa zaidi.

Nikamwambia usilibebe. Livute tu nusu mita, litoke kwenye jabali, nifungue buti.

Akasema hakuna tatizo. Na hapo hapo Bi Rahma akamletea kahawa.

Kwa wasiojua: kahawa ya huku unamiminiwa kikombe kidogo, ukimaliza unaongezwa, na utaongezwa mpaka utakapokitikisa kikombe kuonesha umetosheka. Usipotikisa, utakunywa mpaka Jumapili. Gul anaijua kahawa, na aliipenda. Kikombe cha kwanza. Cha pili. Halwa. Cha tatu.

Nikakichukua kikombe mkononi mwake nikamtikisia mimi.

Bi Thuraya akaziba mdomo. Bwana Said akatazama pembeni kwa aibu. Kumtikisia mgeni kikombe ni kama kumvisha viatu kwa nguvu aondoke. Nilingoja Bi Rahma anifukuze kazi pale pale.

Bi Rahma akachukua halwa iliyobaki, akaifunga kwenye karatasi, akampa Gul. "Utakula njiani, mwanangu. Vuta gari."

Likavutwa kwa waya, likaachia jabali, buti likafunguka. Gauni lipo, halijapata hata mkunjo. Nililibusu sanduku, sioni haya kusema.

Saa tisa kasorobo. Teksi mpaka ije mlimani ni nusu saa. Nikamwambia Gul, ukurasa wa kumi na tisa: abiria wa gari lililokwama wana haki ya kupelekwa waendako. Akasema hajawahi kusikia abiria aliyesoma kijitabu.

Bwana Said na wenzake wakabaki kusubiri lile gari kubwa. Masanduku tukayapandisha nyuma, pale yanapokaa magari, akayafunga kwa mikanda minne. Mimi nikapanda mbele. Nageuka, Bi Rahma keshapanda, buibui limekunjwa vizuri, mkoba mapajani.

"Nimesema nnakusindikiza. Au nimesema mwanangu Said ndiye atakayekusindikiza?"

Tukaingia uwanja wa ndege hivyo hivyo, recovery mpaka mlango wa abiria wanaoondoka. Mlinzi akaja mbio kuuliza gari bovu liko wapi. Gul akaninyooshea kidole mimi.

Nilifika kaunta zimebaki dakika chache wafunge.

Pale mlangoni Bi Rahma alinitengeneza mtandio kama mtoto anayekwenda shule. Akaninong'oneza, "Nenda kamtoe mwanao. Na usimwambie mtu kama tulikwama. Sema tulikuwa tunapunga upepo."

Akageuka haraka. Niliona Gul anampa boksi la tishu.

Jumamosi Neema aliingia ukumbini na gauni lake, akanitafuta kwa macho, akaniona. Hapo sina la kuongeza.

Funzo langu kwenu wenye magari makubwa na madogo. Kifurushi cha roadside assistance ni kitu kizuri, ila someni kijitabu kabla hamjakwama. Waambieni urefu na uzito wa gari lenu mapema, ili wasije na kigari cha kubebea saluni. Ukipaki pembeni, acha nafasi ya kufungua milango. Na ukipiga simu ya msaada, ustaarabu weka kando kwa dakika mbili. Sema una shida. Anayekusikiliza haoni uso wako, na shida usiyoisema hakuna gari linaloweza kuibeba.

Waliowahi kukwama, hasa huku Ghuba, mwageni yenu hapa chini. Nitajibu polepole, kwa sababu bado niko likizo Morogoro, na kila siku mchana Bi Rahma ananipigia. Anasema hajambo kabisa, ila anauliza chumvi inakaa wapi.

Chumvi iko kabati la juu ya jiko, pale alipoiweka yeye mwenyewe kabla mimi sijafika Oman.

Jana nikamwambia, "Bibi, nakuja Alhamisi." Hapo hapo akasema basi, chumvi ameiona.