Hodi Katika Wodi Isiyojengwa

Kila anapofungua chumba kwenye kompyuta, mchoraji wetu wa mifumo ya hewa hunong'ona, "Hodi." Tumeshamzoea. Dirisha lake ndilo hatujalizoea, maana hakubali kulifunga hata baridi ya Mbulu iking'ata masikio, na tumelalamika mpaka tumechoka. Huuzungusha ukuta taratibu kwenye kioo cha kompyuta na kuchungulia nyuma ya kila grili, tundu la kupitishia hewa, kidole chake kikifuata bomba kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa. Juzi tulikuwa tunamalizia wodi ya kifua kikuu, na Mhandisi Octavian alikuwa ameshavaa koti.

"Dada, tuma mchoro. Grili zote zimefika kwenye bomba."

"Hii imegusa tu, mhandisi. Haijaungwa. Hewa inasoma sifuri."

"Hiyo moja tu?"

"Pembeni yake kuna kitanda. Na muuguzi atainama hapa."

Akalivuta bomba, akaliunga na grili, akasubiri mpaka likawa la bluu, ishara kwamba hewa inapita. Octavian akavua koti, akakaa. Dada hata hakumwona. Alikuwa amesogeza uso karibu na kile kitanda kitupu, akasema polepole, "Haya mama, pumua."