Niliandika "Sauti Iko Sawa"

Nianze na ujinga wangu, usije ukasema nilikuficha. Siku moja kabla ya Mama kufanya usaili wa kazi kwa video, nilifuta Windows kwenye laptop yake ya mtumba nikaweka Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta. Kwa nini? Nilitaka kuringa shuleni, basi. Yaliyofuata yalitokea kweli, hapa hapa mtaani kwetu Chechelesi, mchana wa jua kali, na sikuwa nimetafuna jani lolote la kulewesha.

Watu wa Linux wana ukurasa mtandaoni wa kuripoti laptop yako: waifai inashika? Kamera? Sauti? Ukishaandika, mwenye laptop kama yako popote duniani anasoma, anakuamini. Mimi nilikuwa hoi. Tangu asubuhi nilipambana na sauti, haikutoa hata mlio wa mbu. Nikasema potelea mbali, nikaandika: "Sauti iko sawa. Inaimba kuliko mwalimu wetu wa hesabu." Nikatuma.

"Salaam aleikum," mtu akasema.

"Waaleikum salaam, karibu ndani," nikajibu bila kuinua kichwa. Wewe ungefanya nini? Salaam inaitikiwa, ndivyo tulivyolelewa.

Nilipogeuka, mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka, vumbi mpaka magotini. Na mlango ulikuwa bado na komeo.

"Nimetembea kutoka Sericho, mwendo wa siku kadhaa," akasema. "Nimesikia hapa kuna mashine yenye sauti."

Niamini, midomo yake haikusogea. Maneno yalitoka kwenye laptop.

"Mzee, kwani wewe ni virusi?" Mimi nikiogopa hutania, ndio ugonjwa wangu.

"Sauti yangu ilinitoka zamani, kijana. Umeandika hapa iko. Niache nikae humu."

Sasa fikiria. Nikiiacha ripoti ilivyo, laptop inaongea na Mama anafanya usaili wake kesho, lakini mzee naye yumo ndani. Je, angemwachia Mama nafasi ya kusema? Nikafungua ile ripoti, nikaandika upya: "Sauti haifanyi kazi. Nilidanganya." Nikatuma.

Mzee akafungua mdomo, safari hii ukasogea kweli. Alisema maneno marefu, sikusikia hata moja. Akaniangalia kama mtu aliyefikisha ngamia kisimani akakuta kimekauka. Halafu mkeka ukawa mtupu.

Kesho yake, nikiwa bado sijathubutu kumwambia, Mama alivaa vizuri, akakaa mbele ya kamera, akaongea. Wale wa usaili waliona midomo tu. Alipofanikiwa kuazima simu ya jirani, zamu yake ilikuwa imepita. Kazi ikaenda hivyo hivyo.

Mpaka leo laptop ni bubu. Vumbi la ule mkeka nalifagia kila asubuhi kabla ya shule, na kila asubuhi lipo. Nimechoka, bwana. Kwa hivyo wewe unayesoma, usiripoti kitu ambacho hujakijaribu. Unajua ni nani anayekusoma?

Jioni ya siku ile ya usaili nilimweleza Mama kila kitu, huku nikingoja kofi. Halikuja. Alivua viatu polepole, akakaa.

"Mtu ametembea kutoka Sericho," akasema, "na hata maji hukumpa?"