Upanga wa Babu Kwenye Mnada wa Simu

Mimi nauza vipuri vya magari Embu mjini, na kazi hiyo imenifundisha kushuku. Mtu akiniletea beringi iliyofungwa kwenye karatasi mpya, siangalii karatasi. Naangalia namba iliyopigwa kwenye chuma, nanusa grisi, napitisha ukucha ukingoni nione kama kiwanda kiliusugua au kiliuacha hivyo hivyo. Mume wangu, ambaye kwao ni Karurumo, husema siku moja nitakagua hata sadaka kanisani. Acha aseme.

Kwa hiyo kaka yangu aliponipigia simu kutoka Mikinduri, akihema kwa furaha, na kuniambia amepata upanga wa babu, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Kutoka kwa nani?"

"Si ufurahi kwanza!"

"Nitafurahi. Kutoka kwa nani?"

Babu yetu mzaa baba alichukuliwa na jeshi la Mwingereza kwenda kupigana na Wajapani huko Burma. Alirudi na koti zito, kikohozi, na upanga wa Mjapani. Baba alitusimulia habari zake tangu tukiwa wadogo: kwamba ulikaa darini, kwamba ulishushwa tu wakija wageni wa maana, kwamba ulikuwa na pengo karibu na ncha. Kisha ikaja Hali ya Hatari, amri ikatoka kila silaha ipelekwe kambini, na babu akaupeleka kwa mikono yake. Haukurudi. Baba sasa amepita miaka themanini na macho yake yameingia ukungu. Tangu mama atutoke, habari za ule upanga zimekuwa haziishi mdomoni mwake. Kaka, ambaye analima miraa na anaishi naye boma moja, aliamua kuutafuta.

Aliuona kwenye mnada wa mtandaoni wa vitu vya kale. Muuzaji alisema yuko Nairobi na kwamba upanga ulitoka kwenye nyumba ya mzungu aliyekuwa ofisa Meru zamani hizo. Kaka alinisomea maelezo kwa sauti: upanga wa sajini wa Kijapani, ulioletwa na askari Mmeru kutoka Burma, wenye pengo karibu na ncha.

"Karibu na ncha! Umesikia hapo?"

"Nimesikia. Na hapo ndipo nimeanza kuogopa."

Alinitumia picha. Siku hiyo wateja walinikuta nimeinamia simu, nikipanua picha kwa vidole kama daktari wa macho. Jioni na asubuhi zilizofuata nilisoma maandishi ya watu wanaokusanya panga hizo, nikatazama picha za zile za kweli. Nikaelewa kwamba panga za masajini zilitengenezwa kiwandani kwa wingi. Mpini wake ni wa alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, kisha ukapakwa rangi uonekane kama umezungushiwa kamba. Namba hupigwa kwenye chuma karibu na mpini, na namba hiyo hiyo hupigwa kwenye mdomo wa ala. Ule mstari mzuri kama wimbi unaofuata makali hutokea kwa panga zilizofuliwa na fundi kwa mkono, kama zile za baadhi ya maofisa. Wa sajini hauna. Waigaji huuchora kwa asidi kwa sababu wanunuzi wanaupenda.

Huu wetu ulikuwa wa sajini, na ulikuwa na wimbi. Jeupe, lenye upana mmoja mwanzo hadi mwisho, kama mtu amelipaka kwa dawa ya meno. Namba zake zilikuwa zimelala huku na huku, moja juu, nyingine chini. Mimi naona namba za viwandani kila siku ya Mungu, na hizi zilipigwa na mtu mwenye nyundo na haraka. Kutu nayo ilikuwa nyekundu ya juzi, wakati kutu ya miaka mingi huwa nyeusi na imeshikana na chuma. Ndani ya pengo, nilipopanua picha, kulikuwa na mistari ya tupa.

Nilimwomba muuzaji picha ya namba kwenye ala. Akanitumia picha yenye ukungu. Nikaomba nyingine. Akasema umeme umepotea.

"Wewe kila kitu kwako ni feki," kaka aliniambia.

"Na huyo mwenye picha ya simba anayepandisha bei kila ukipandisha? Ukipumzika, naye anapumzika. Hujaliona hilo?"

"Ni mtu anautaka, kama mimi."

Lililonisumbua zaidi lilikuwa pengo. Ningeweza kusema ni bahati tu, lakini sikuamini. Nilimuuliza kaka kama aliwahi kumwambia mtu habari za upanga, akasema hapana. Kisha akakumbuka kwamba miezi kadhaa nyuma aliandika kwenye kundi moja la mtandaoni la watu wanaopenda historia ya vita. Nilikwenda kuyasoma aliyoandika. Yote yalikuwa pale: Burma, Meru, Hali ya Hatari, pengo karibu na ncha.

"Amekuuzia maneno yako mwenyewe," nikamwambia.

Akasema baba hana miaka mingi ya kungoja.

Basi nikatega mtego. Nilimwandikia muuzaji kwamba babu yetu alichora herufi mbili kwenye mpini, chini ya kikingio cha mkono. Je, zipo? Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilisema: ndiyo, zipo, ila zimefifia, mnakumbuka ni herufi gani? Nilicheka peke yangu dukani hadi mteja akanigeukia. Nikainua macho, nikasoma herufi mbili za kwanza kwenye katoni ya filta za oili rafuni, nikamtumia hizo. Kesho yake picha ikafika. Herufi zilikuwepo, zimekwanguliwa kwenye rangi, na alumini ndani yake inang'aa kama sufuria mpya.

Nilimpigia kaka mara moja. Nikamweleza kila kitu, pamoja na katoni.

"Pengine Mungu alikuonyesha tu bila wewe kujua," akasema kwa sauti ndogo. Hapo nikajua. Mnada ulikuwa umefungwa, ameshinda, na ameshalipa bila kuniambia.

Upanga ulifika kwa kifurushi, nami nikasafiri hadi Mikinduri Jumamosi hiyo. Kaka alikuwa ameusugua hadi kutu yote imetoka kwa kitambaa kimoja cha mafuta ya taa. Hilo pekee lingemwambia kwamba ilikuwa kutu ya juzi. Tuliingia sebuleni, akauweka juu ya mapaja ya baba.

Baba hakuutoa kwenye ala upesi. Aliupima uzito. Akaupeleka kwenye pua. Kisha kidole gumba chake kikatembea juu ya mpini taratibu, kikafika kwenye zile herufi, kikasimama.

"Haya ni maandishi?"

"Ni babu aliandika, baba," kaka akajibu, bila kunitazama.

Babu alikufa nikiwa darasa la tatu, na nakumbuka vizuri kidole chake kikiwa cha buluu kwa wino kila alipotoka kwenye chama cha kahawa, maana hakujua kushika kalamu. Baba ndiye aliyekuwa akimpeleka.

"Sawa," baba akasema, akiondoa kidole. "Mmenifanyia vizuri. Lakini ukae kwako, usikae kwangu. Mimi sitaki kulala na kitu cha vita ndani ya nyumba."

Kaka alitoka nao kifua mbele, kama mtu aliyekabidhiwa boma. Mimi nilibaki nikimwangalia baba, naye akaomba chai.

Asubuhi, kaka akiwa shambani kwenye miraa, nilimkuta baba amesimama kwenye zizi, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe. Nikamuuliza bila kuzunguka.

"Baba, babu alijua kuandika?"

"Vitani mtu hujifunza mengi, mwari wangu."

"Na ule ndio wenyewe?"

Aliendelea kumpapasa ng'ombe. "Sisi watoto hatukuruhusiwa kuushika. Nilimwona babu yako akienda kambini na kitu kimefungwa kwa gunia, na nikamwona akirudi mikono mitupu. Hakuongea na mtu siku nyingi. Hilo nililiona kwa macho yangu."

"Na lile pengo?"

"Nilisikia likisemwa."

Nilirudi Embu na swali ambalo sikuwa nalo nilipokwenda. Hadithi tuliyokua nayo, ya dari na wageni wa maana, sikujua tena ni kiasi gani baba aliona na kiasi gani alisikia.

Wiki kadhaa baadaye kaka alinipigia simu mchana. Upanga mwingine ulikuwa umewekwa kwenye mnada ule ule, juu ya meza ile ile yenye doa, na wimbi lile lile jeupe. Safari hii uliletwa na askari Mwembu, na ulikuwa na alama ya risasi kwenye ala.

"Nimeandika pale chini kwamba ni waongo," akasema. "Nimeweka na picha za wetu. Wamenifungia."

"Umefanya vizuri."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Baba nimwambie?"

"Baba anajua," nikasema, ingawa sikuwa na hakika.

"Amekwambia?"

Mteja alikuwa ameingia na pampu ya maji mkononi, anataka nyingine kama hiyo. Nilimwambia kaka nitampigia jioni, nikaipokea ile pampu na kuigeuza nione namba yake.