Kishindo Alichokificha Mdogo Wangu

Mume wangu ni fundi wa ndege ndogo, zile za watu binafsi, na ulimi wake hauna breki. Rubani akitua kwa kishindo, basi ameumia: mume wangu anamwandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana, "Fulani kachimba kisima," na uwanja mzima unacheka wiki nzima. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Ila akishacheka, anaingia chini ya ndege na tochi, anakagua miguu ya magurudumu nati kwa nati, na ndege hairuki mpaka aridhike.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na ndege yake ya viti viwili. Utani wa mashemeji hawa wawili ulikuwa haukauki. Mara mbili aliandikwa mlangoni. Mbele za watu alicheka, lakini kwangu alikuja amenuna.

Jumatatu moja asubuhi alitua vizuri tu, watu waliona. Mguu wa mbele ukakatika, ndege ikapinduka. Wachunguzi wakasema chuma kilikuwa na ufa tangu kabla ya siku hiyo, na Ijumaa mume wangu alisaini kwamba ndege ni nzima. Wakamsimamisha kazi. Nyumbani hagusi chakula, anajiuliza tu macho yake yalikuwa wapi. Mimi namjua, hajawahi kulipua kazi, na hilo lilinichoma.

Nikaenda hospitali. Mdogo wangu alikuwa anaongea kwa shida, nesi yuko pembeni anamfunga dripu.

"Dada, waambie shemeji hana kosa. Jumamosi niliibamiza chini vibaya. Hakukuwa na mtu, nikanyamaza."

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Angeniandika tena."

Alikata roho Alhamisi.

Nesi alitoa ushahidi wa aliyoyasikia kuhusu ile Jumamosi, na baada ya mazishi barua ikaja: fundi hana kosa, arudi kazini. Nilishukuru, sitaficha. Nikamsomea mara mbili, nikamshikisha mkononi aione mwenyewe. Akauliza jambo moja tu.

"Kwa nini hakuniambia?"

Nikachukua ovaroli yake ya kazi, nikatoa kipande cha chaki mfukoni, nikakiweka mezani. Akaniangalia, akajua. Akalia kwa sauti, mtu mzima yule, barua ya kumsafisha ikiwa bado mkononi mwake.